Mpelekeni Lutindi! Halafu?

Wandugu, kwa watu wa Tanga Lutindi ni jina la mahali na pia ni tusi. Ukibishana na mtu akaishiwa hoja, atakwambia wewe si wa kukaa mtaani, wewe ni wa Lutindi. Watu wa bara wao wanasema Mirembe. Tunacheka, maisha yanaendelea. Leo naomba tuache kucheka kwa dakika tano.

Lutindi ipo milima ya Usambara, upande wa Korogwe. Mwaka 1896 Wamisionari wa Kijerumani walifungua hapo makao ya watoto waliokombolewa kutoka utumwani. Mwaka 1904 pakawa hospitali ya wagonjwa wa akili, ya kwanza katika nchi hii. Mirembe ya Dodoma ilikuja baadaye, 1927. Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka 120 sisi watu wa milimani tuna jibu moja tu kwa mgonjwa wa akili: mpelekeni Lutindi. Sina ugomvi na hospitali ile, imebeba mzigo ambao wengine waliukimbia. Ugomvi wangu ni na sisi tunaodhani kumpeleka mtu huko ndiyo mwisho wa kazi.

Halafu?

Chukua mtu wa Vuga. Ndugu wanachanga nauli, wanateremka naye kwa Soni mpaka Mombo, wanafika Korogwe, wanapanda mlima mwingine. Anatibiwa, anatulia, anarudi nyumbani na mfuko wa dawa. Siku zinapita, dawa zinaisha. Nani anajua kwamba zimeisha? Nani anamfuata shambani kumuuliza mbona tarehe yake imepita? Kama jibu ni "mama yake", basi hatuna huduma ya afya ya akili. Tuna mama.

Na huyo ni yule anayeonekana. Mwenye sonona haokoti makopo barabarani. Anaamka, analima, ananyamaza. Akifika zahanati analalamika kichwa na mgongo, anapewa panadol, anarudi alikotoka. Hakuna aliyemuuliza analalaje.

Dawa ya jambo hili inajulikana, ni kutibu kwa timu. Tabibu wa zahanati anambaini mgonjwa na kuanza matibabu. Muuguzi au mhudumu mmoja anapewa daftari la wagonjwa hao, na hiyo ndiyo kazi yake: kuwafuatilia mmoja mmoja, kuwauliza maswali yale yale tisa kila baada ya muda ili ijulikane nani anapata nafuu na nani anazama. Daktari bingwa, hata akiwa mbali, kila wiki anapitia daftari hilo na mhudumu kwa simu, anaanza na wale wasiopata nafuu, anashauri matibabu yabadilishwe. Bingwa mmoja anawafikia watu wengi ambao hawatakaa waione ofisi yake.

Marekani walijaribu mpango huu kwa wazee 1,801 wenye sonona, matokeo yakatoka 2002. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 45 ya waliotibiwa na timu dalili zao zilikuwa zimepungua kwa nusu au zaidi. Kwa waliopata huduma ya kawaida ilikuwa asilimia 19.

Najua mtasema hiyo ni Marekani. Haya, twendeni Harare. Mwaka 2005 daktari bingwa Dixon Chibanda alimpoteza mgonjwa kijana aliyejiua. Alitakiwa kurudi hospitali, familia haikuwa na dola 15 za nauli ya basi. Mwaka uliofuata Chibanda alianza kuwafundisha bibi wa mtaani kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki, na wataalamu wakiwa nyuma yao. Utafiti wa kliniki 24 za Harare ulichapishwa 2016: baada ya miezi sita, waliobaki na dalili za sonona walikuwa kama asilimia 14 kwa waliokaa na bibi hao, na karibu nusu kwa wengine. Nauli, wandugu. Nani kati yetu haijui habari ya nauli?

Wengine watasema sisi hatuwezi kufuatilia wagonjwa hivyo. Nyie! Nchi hii ndiyo iliyoifundisha dunia. Mpango wetu wa taifa wa kifua kikuu ulianza 1977, na pamoja na Dk. Karel Styblo tukaonyesha kwamba mgonjwa wa kijijini anaweza kuandikwa, kufuatiliwa na kumaliza dozi. Miaka ya 1990 WHO ikaubeba mfano huo ikaupeleka duniani kote. Na leo mwenye VVU ana kadi, ana tarehe, asipokuja CTC anatafutwa. Mwenye ugonjwa wa akili asipokuja, tunasema amerudia kichaa chake.

Wala wazo la kuingiza afya ya akili kwenye zahanati si geni. Mwaka 1980 lilianza kujaribiwa Morogoro na Kilimanjaro, kwa msaada wa WHO na Wadenmark. Zaidi ya miaka 40 baadaye bado tunaenda semina kuambiwa "afya ya akili ijumuishwe katika afya ya msingi". Tunakula biskuti, tunasaini posho, tunarudi nyumbani.

Na Vuga hii hii ilikuwa makao ya wafalme wa Kilindi. Mfalme alitazamiwa kuzifya shi, kuiponya nchi. Na mtu akiugua, ukoo ulikaa, ukaamua pamoja aende kwa nani na nani amsindikize. Babu zetu hawakumwacha mgonjwa apambane peke yake na mganga. Sasa tuite hilo la kizungu?

Pesa? Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, lengo likiwa zaidi ya 137,000 kwa miaka mitano. Watu hao watapita nyumba kwa nyumba. Wapewe maswali yale tisa. Kila zahanati iwe na daftari la wagonjwa wa akili na mtu mmoja anayelijibia. Hospitali kama Lutindi ilipwe kwa saa za kupiga simu vijijini, siyo kwa vitanda tu. Na dawa zifike zahanati kila mwezi, maana daftari bila dawa ni karatasi.

Siku mtu wa Vuga akikosa dawa zake, awepo mtu anayelipwa kulijua hilo kabla ya majirani.

Naomba kutoa hoja.