"ROHO YA INDIA" MNAYOIPOST, MWENYE SURA ANAITWA NANI?

Kuna wapiga picha mabingwa wa Insta, majina nayahifadhi maana wenyewe wanajijua. Wakitua India tu, mtindo ni uleule: mzee wa Rajasthan mwenye kilemba chekundu na masharubu ya kusokota, sadhu aliyejipaka majivu kando ya mto Ganges pale Varanasi, binti wa kijijini kajitanda mtandio wa rangi kali anaikodolea macho kamera. Rangi zinakolezwa mpaka macho yanauma, chini inaandikwa "Roho ya India", laiki zinamiminika.

Sasa niulize: huyo mzee anaitwa nani? Anafanya kazi gani? Alikubali sura yake iuzwe? Kimyaaa. Kamera imetajwa, lenzi imetajwa, hata hoteli imetajwa. Mwenye sura ndiye hana jina!

Na msidhani ni mambo ya jana. Kati ya 1868 na 1875 wakoloni wa Kiingereza walichapisha The People of India, juzuu 8 zenye picha zaidi ya 400. Watu walipangwa humo kwa kabila na tabaka, na kila kundi likaandikiwa tabia zake, utadhani orodha ya mifugo. Mtawala alitaka kumjua anayemtawala. Mtawala kaondoka, ila mkao wa picha ameuacha.

Mwaka 2016 staa mmoja wa Marekani, aliyejijengea jina kwa picha za India na nchi jirani, alibanwa baada ya kugundulika kwamba kwenye baadhi ya picha zake watu na vitu vilifutwa kwa kompyuta. Akajitetea kwamba yeye ni msimulizi wa hadithi kwa picha. Haya, hadithi ya nani?

Najua mtasema, "Acha wivu, wanahifadhi utamaduni." Utamaduni upi? Sari siyo vazi la makumbusho. Septemba 2014, chombo cha India kilipofika sayari ya Mars, picha iliyozunguka dunia nzima ilikuwa ya wanawake wa shirika lao la anga, Bengaluru, wakishangilia wakiwa na sari zao na maua kichwani. Na Homai Vyarawalla, mwanamke wa kwanza India kuwa mpiga picha wa habari, alipiga kazi miaka nenda rudi akiwa ndani ya sari, yeye akiwa nyuma ya kamera! India ya namna hiyo hamuipost kwa sababu haiwapi ule ukale mnaoutafuta. Muuza chai ana msimbo wa QR wa kulipia kwa simu, nyie mnaukata nje ya fremu.

Sisi huku tunaijua hii dawa inavyochoma. Mmasai kageuzwa kadi ya posta miaka mingapi?

Sisemi msipige. Pigeni, lakini mwombe kwanza, muulize jina, liandike, mwonyeshe picha yake. Ukiiuza, mkumbuke. Akikataa, shusha kamera uende zako, uso ni wake. Mkishindwa hayo, basi futeni hilo neno "roho", maana mnachouza ni ngozi na kitambaa tu.

Wadau mnasemaje, nimekosea wapi? Shusheni maoni hapo chini, matusi kaeni nayo.