Flashi mfukoni au faili mtandaoni?

Wateja wetu wenye duka, saluni au kibanda cha mboga hutuuliza swali hili hasa wanapobadilisha simu: rekodi za biashara nizibebe kwa flashi, ama niache Google Drive izipeleke yenyewe? Kujibu "vyote ni sawa" ni kukwepa swali. Sisi tunasema rekodi za pesa zikae mtandaoni, flashi na waya zibaki kwa mizigo mizito.

Tuanze na hiyo mizigo. Tuseme una picha na video za bidhaa, jumla GB 20. Kwa intaneti inayopakia megabiti 5 kwa sekunde, utangoja kama saa 9, na hiyo ni kama mtandao hautakatika hata mara moja. Bando nayo? Tusiongee. Waya wa USB unaosukuma megabaiti 10 tu kwa sekunde unamaliza kazi hiyo kwa dakika 34 hivi, bila kugusa bando. Tena akaunti ya bure ya Google ina GB 15 pekee, na tangu Juni 2021 picha mpya unazohifadhi Google Photos zinahesabiwa humo humo, pamoja na Gmail na Drive. Hapo hatubishani na mtu.

Lakini daftari la madeni, taarifa ya miamala ya mwezi na risiti za wanaokuletea mali ni faili nyepesi, na ndizo zinazouma zikipotea. Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015 inataka rekodi zitunzwe kwa miaka 5. Hebu fikiria flashi moja ikae miaka mitano mfukoni na funguo na sarafu, ikichomekwa kila kompyuta ya saiba na kuokota virusi njiani. Simu nayo ikiibiwa, laini utapata nyingine yenye nambari ile ile, lakini meseji za malipo zilizokuwa kwenye simu hazirudi na laini. Mteja akisema alishakulipa, utamwonyesha nini?

Ila kuna kitu wengi hawaambiwi. Kusawazisha faili si sawa na kuweka akiba. Ukifuta faili kwenye simu, inafutika na kwenye kompyuta, maana kazi ya programu ni kuhakikisha pande zote zinafanana. Drive huweka kilichofutwa kwenye pipa la taka kwa siku 30, kisha basi. Ndiyo maana tunapenda mtu anakili rekodi zake kwa flashi kila mwisho wa mwezi, halafu flashi hiyo ilale nyumbani. Isitembee.

Bando ikikusumbua, ingia kwenye mipangilio uchague kusawazisha kwa Wi-Fi pekee. PIN yako usiiandike kwenye faili yoyote, iwe ya Drive au ya flashi, hata ukiipa faili jina la kupoteza watu. Na ukifungua Drive kwenye kompyuta ya saiba, toka kwenye akaunti kabla hujainuka kwenda kulipa. Kufunga dirisha tu hakutoshi. Anayekaa hapo baada yako anaweza kukuta mauzo yako yote yakimngoja.