Amande bila risiti zinawafungulia matapeli mlango

Matapeli wa mtandaoni wana ujumbe mmoja wanaoupenda: umeegesha gari mahali pasiporuhusiwa, lipa leo, la sivyo faini itapanda. Ufaransa mara nyingi huandika euro 35, kiasi ambacho mtu hulipa haraka ili asisumbuliwe. Marekani walitumia ada za barabara. Aprili 2024 FBI ilisema imepokea malalamiko zaidi ya 2,000 kwa muda wa mwezi mmoja hivi. Shabaha yao si hizo euro 35. Anayebonyeza kiungo huombwa namba za kadi ya benki, na wizi wenyewe huanzia hapo.

Msomaji wa Birere atasema hayo ni ya Ulaya. Nani atamwandikia barua pepe kwa sababu ya pikipiki iliyosimama mbele ya duka? Mimi naona sisi tuko hatarini kuliko wao.

Tangu M23 ilipouteka mji mwishoni mwa Januari 2025, benki za Goma zilifunga milango na fedha taslimu zikawa adimu. Mishahara, bei ya mzigo, karo ya watoto, vingi vinapita kwenye M-Pesa, Airtel Money au Orange Money. Anayekuibia namba ya siri leo hajagusa mfuko tu, amebeba duka zima.

Lakini kinachoniudhi zaidi ni desturi yetu ya amande. Mwenye pikipiki anasimamishwa, anatajiwa kiasi, anabembeleza, kinashuka hadi nusu, anatoa noti na kuondoka bila karatasi. Tumeishi hivyo miaka mingi, chini ya tawala tofauti. Mtu aliyezoea kulipa bila kuuliza kosa ni lipi na fedha inakwenda wapi, atashtuka vipi ujumbe wa simu ukimtendea vilevile? Tapeli hana kazi kubwa ya kuigiza.

Faini ya kweli hutaja namba ya gari, tarehe, mahali na kosa. Ujumbe unaoanza na "mteja mpendwa" na kukupa saa chache tu, uache hapo hapo. Ukitakiwa kutuma pesa kwenye namba ya simu ya mtu binafsi, hiyo si hazina ya serikali yoyote. Na hakuna faini inayolipwa kwa kumtajia mtu namba yako ya siri.

Kwa ndugu zetu walioko Ufaransa, tazama anwani inavyoishia. Tovuti rasmi ya kulipia ni amendes.gouv.fr. Ukiona neno "gouv" limechomekwa katikati, kisha mwisho ni .com au .info, ni mtego. Usibonyeze, andika anwani mwenyewe. Aliyekwisha kutoa namba apigie benki au kampuni ya simu mara moja, kabla hata ya kuwaeleza jamaa.

Wanaotoza barabarani nao, yeyote anayetawala, watoe risiti yenye namba na watangaze ofisi ambako mtu anaweza kuuliza kama kweli anadaiwa. Kwa sasa, motari wa Birere akiletewa ujumbe wa amande, aupeleke kwa nani auhakiki?