Magazeti yanahesabu nyumbu, nani atahesabu magunia ya Ikoma?

Msomaji anayefuatilia habari za mkoa wa Mara ameizoea habari ya aina moja. Watu wawili au watatu kutoka vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti wanafikishwa mahakamani mjini Mugumu, wakidaiwa kukutwa na mguu wa nyumbu au vipande vya nyama kavu, panga, kisu na nyaya za kutegea. Kabla habari haijaisha hutajwa thamani: sh 1,430,000, mali ya Serikali ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania.

Kiasi hicho hakikubuniwa na mwandishi. Kinatokana na kanuni za kuthamini nyara za mwaka 2012, ambazo zilimweka nyumbu mmoja kwenye dola 650 za Marekani. Ukizidisha kwa sh 2,200 kwa dola, kiwango kilichotumika katika mashauri mengi ya aina hii, unapata shilingi hizo hizo. Mguu mmoja huhesabiwa kuwa mnyama mzima aliyeuawa. Kwa kanuni hizo hizo pundamilia ni dola 1,200 na tembo ni dola 15,000. Mwandishi anakuta hesabu imekwisha kufanywa na ofisa wanyamapori, na hati ya mashtaka imekwisha kuandikwa. Kazi yake ni kunakili tu.

Habari ya pili nayo inafahamika, ingawa haipewi nafasi kama ya kwanza. Tembo wameingia usiku katika mashamba ya mahindi na mtama kwenye vijiji vya Ikoma na Nata, kama vile Robanda, Nyichoka, Makundusi na Park Nyigoti. Kichwa cha habari kitasema wananchi walia na tembo, au tembo wawa kero. Diwani atanukuliwa akiiomba serikali ichukue hatua, na mkuu wa wilaya atawataka wananchi wawe watulivu. Pengine ekari zitatajwa. Shilingi hazitajwi kabisa.

Hapo ndipo penye kasoro. Nyumbu ana bei gazetini na ekari ya mahindi haina. Mtu wa Dar es Salaam au Dodoma anayesoma habari hizo mbili kwa miaka kumi atajengeka kuamini kwamba katika wilaya ya Serengeti kuna upande mmoja unaopata hasara, nao ni serikali, na upande mwingine unaolalamika tu. Wapo watunga sera na wabunge miongoni mwa wasomaji hao.

Hesabu ya upande wa pili si ngumu. Chukua mfano wa mkulima anayetarajia magunia manane ya mahindi kwa ekari, na gunia la kilo 100 likiuzwa sh 50,000. Ekari moja ni sh 400,000. Akiwa na ekari tatu, na tembo wakazimaliza wiki mbili kabla ya mavuno, amepoteza sh 1,200,000. Hapo bado hujahesabu mbegu, palizi, wala usiku aliolala kibandani akipiga madebe kuwafukuza wanyama. Hasara hiyo inakaribia nyumbu mmoja wa hati ya mashtaka, na imebebwa na kaya moja kwa usiku mmoja.

Sheria inampa nini mkulima huyo? Kanuni za mwaka 2011 ziliweka malipo yanayoitwa kifuta jasho kwa mazao, na kifuta machozi kwa mtu aliyejeruhiwa au kuuawa. Majina yenyewe yalichaguliwa kwa uangalifu ili yasiitwe fidia, kwa kuwa fidia ingemaanisha kwamba serikali inawajibika kulipa hasara yote. Kwa mazao, viwango vilikuwa kati ya sh 25,000 na sh 100,000 kwa ekari, na si zaidi ya ekari tano. Shamba lililo ndani ya mita 500 kutoka mpaka wa hifadhi halikupata kitu, na kadiri shamba lilivyokuwa mbali na mpaka ndivyo kiwango kilivyopanda. Mantiki ilikuwa kumzuia mtu asilime jirani kabisa na wanyama. Kwa Robanda mantiki hiyo ina tabu. Upande mmoja kuna hifadhi ya taifa, kwingine mapori ya akiba ya Grumeti na Ikorongo, na ardhi ya vijiji vyenyewe imechangia eneo la Jumuiya ya Hifadhi ya Ikona. Mkulima akaupime wapi huo umbali?

Kwa kiwango cha chini, ekari tano zilizoliwa zote zilikuwa sh 125,000. Kwa kiwango cha juu kabisa zilikuwa sh 500,000, yaani karibu theluthi moja ya nyumbu. Na kwa mtu aliyeuawa na mnyama, kifuta machozi cha mwaka 2011 kilikuwa sh 1,000,000. Msomaji alinganishe mwenyewe na ule mguu uliotajwa mwanzo.

Viwango hivyo vilikaa zaidi ya miaka kumi huku bei ya mbolea, jembe na gunia ikipanda, na wabunge wa majimbo yanayopakana na hifadhi wakivilalamikia bungeni. Ni haki kusema kwamba bei ya nyara na kifuta jasho ni vitu viwili tofauti. Bei ya nyara si bei ya soko. Imewekwa juu kwa makusudi ili imtishe mwindaji na kulinda rasilimali inayoliingizia taifa fedha za kigeni. Nyaya za kutegea, kwa upande wao, hazichagui. Zinanasa nyumbu mwenye mimba, zinanasa simba, zinanasa hata mnyama ambaye mtegaji hakumhitaji. Hakuna haja ya kumtetea anayezitega. Lakini gazeti linapoandika neno "thamani" bila kueleza ni thamani ya namna gani, linampa msomaji mizani yenye sahani moja.

Sababu ya upungufu huu si chuki ya waandishi kwa wakulima. Mwandishi wa mikoani hulipwa kwa habari iliyochapishwa, mara nyingi bila nauli. Kesi ina tarehe, ina namba, ina majina na ina hati. Taarifa ya operesheni huja imechapwa tayari kutoka ofisini. Shamba halina ofisa habari. Kulifikia kunahitaji pikipiki, nusu siku, na mtu wa kukadiria uharibifu.

Mfano mkubwa zaidi ulionekana mwaka 2010, wakati wa mjadala wa barabara ya kutoka Mto wa Mbu kupitia Loliondo hadi Mugumu, ambayo ingekatiza kaskazini mwa hifadhi kwa takriban kilomita 53. Wanasayansi 27 waliandika katika jarida la Nature kuipinga, na magazeti ya Ulaya na Marekani yakawahesabu nyumbu zaidi ya milioni moja wanaohama kila mwaka. Mwaka 2014 Mahakama ya Afrika Mashariki iliizuia serikali kujenga barabara ya lami ndani ya hifadhi. Hoja za wanasayansi zilikuwa na uzito, na huenda hukumu ilikuwa sahihi. Lakini katika kelele zote hizo, ni magazeti machache yaliyouliza gunia la mahindi au kilo ya pamba kutoka Mugumu inasafirishwa kwa shilingi ngapi, na nani analipa tofauti.

Hata takwimu za tembo zilipokelewa kwa jicho moja. Mwaka 2015 ilitangazwa kwamba tembo wa Tanzania wamepungua kutoka zaidi ya 109,000 mwaka 2009 hadi takriban 43,000 mwaka 2014, na habari hiyo ilistahili ukurasa wa kwanza. Ndani ya sensa hiyo hiyo, tembo wa ikolojia ya Serengeti walikuwa wameongezeka na kupita 6,000. Kwa taifa ilikuwa habari njema iliyofichwa na habari mbaya. Kwa mwenye shamba Ikoma ilikuwa maelezo ya kile alichokuwa akikiona kila msimu, ilhali mjini watu wakiambiwa tembo wanakwisha. Ikumbukwe pia kwamba Waikoma wana meno ya tembo yaitwayo Machaba, alama takatifu ya kabila lao. Si watu wa kuandikwa kirahisi kwamba ni maadui wa tembo.

Kuna jambo jingine ambalo kurasa za habari huliacha njiani. Adhabu iliyozoeleka katika kesi za nyara ni kifungo cha miaka 20, na hukumu ya namna hiyo haikosi kuandikwa. Mahakama ya Rufani ilipoketi Musoma imewahi kufuta hukumu kadhaa za aina hiyo, kwa mfano pale ambapo nyama iliteketezwa kwa amri ya hakimu bila mshtakiwa kuletwa na kusikilizwa. Habari ya mtu kurudi kijijini baada ya miaka gerezani, shamba likiwa pori, ni nadra kuisoma.

Utafiti wa Loibooki na wenzake, uliochapishwa mwaka 2002 kuhusu vijiji vya kando ya Serengeti, ulionyesha kuwa wenye njia nyingine ya kupata kipato, au wenye mbuzi na kondoo wengi, hawakuelekea sana kwenye uwindaji haramu. Kwa hiyo habari ya shamba lililoliwa na habari ya mguu wa nyumbu huenda zinatoka katika kaya zenye hali moja, ingawa gazeti huziweka katika kurasa mbili tofauti.

Mwandishi anayekwenda Mugumu kusikiliza kesi anaweza siku hiyo hiyo kupita ofisi ya kilimo ya wilaya na kuuliza mambo matatu: ekari ngapi zimeripotiwa kuharibiwa msimu huu, gunia ni shilingi ngapi sokoni wiki hii, na maombi mangapi ya kifuta jasho ya msimu uliopita yamelipwa. Majibu yake yaingie katika habari hiyo hiyo, jirani na zile sh 1,430,000.