Majigambo ya Kibonzo: Kwa Nini Shujaa Huhutubu Vitani?

Mtazamaji yeyote wa vibonzo vya Kijapani amelishuhudia jambo hili. Mahasimu wawili wamekutana, mori umewapanda, ardhi inatetemeka. Ghafla shujaa anasimama wima na kuanza kusema. Anataja alikotoka, waliomfunza, waliokufa mikononi mwake na sababu ya kutokubali kushindwa. Adui naye, badala ya kuimaliza kazi, anasubiri zamu yake ya kujibu. Mzazi aliyeketi kando huangua kicheko: ni vita gani hivi vya kupeana nafasi ya kuhutubu? Msomi wa fasihi hulipuuza jambo lenyewe kuwa mchezo wa watoto. Wote wawili wamekosea, ingawa kicheko cha mzazi kina chembe ya ukweli.

Ukweli wenyewe ni kwamba baadhi ya hotuba hizi zimezaliwa na mfuko, si na sanaa. Osamu Tezuka alipoanza kuonyesha Tetsuwan Atom katika runinga ya Japani mnamo Januari 1963, kipindi kipya kilihitajika kila wiki ilhali fedha zilikuwa haba. Ilibidi michoro ipunguzwe: uso ukatulizwa, mdomo pekee ukachezeshwa. Pigano hudai michoro mingi. Usemi huridhika na michache. Aidha, vibonzo vingi hutokana na hadithi za picha ambazo bado zinaendelea kuchapishwa. Dragon Ball Z, mfululizo ulioonyeshwa Japani kati ya 1989 na 1996, ulikuwa ukimfuata unyounyo Akira Toriyama aliyekuwa angali anaichora hadithi yenyewe, ikalazimu muda uvutwe. Ndipo Frieza alipotangaza kwamba sayari ya Namek ingelipuka baada ya dakika tano, na dakika hizo tano zikaenea vipindi kadhaa, kila kimoja cha takriban dakika 20. Hapo maneno ni maji yaliyoongezwa kwenye uji ili uwatoshe wageni.

Hata hivyo, uhaba wa fedha hauelezi kwa nini watazamaji huzihifadhi hotuba hizo vichwani miaka nenda miaka rudi. Desturi yenyewe ni kongwe kuliko runinga. Katika Heike Monogatari, simulizi ya vita vya 1180 hadi 1185 baina ya koo za Taira na Minamoto, mpiganaji hutangaza jina lake, nasaba yake na sifa zake kabla ya kumkabili mpinzani. Wajapani huiita desturi hiyo nanori. Mwanafunzi wa Kiswahili hahitaji kuvuka bahari ili aielewe, kwani somo la fasihi simulizi limemfunza majigambo, au vivugo: tungo ambazo shujaa huzitunga na kuzighani mwenyewe kujisifia matendo yake. Wahima wa Ankole, nchini Uganda, wana utanzu uo huo, na ushujaa wa vitani ni mojawapo ya maudhui yake makuu. Ajabu ni kwamba mwanafunzi anayekariri sifa za majigambo usiku wa kuamkia mtihani huyacheka majigambo yayo hayo yanapotoka kinywani mwa kibonzo.

Yupo atakayepinga kwamba adui wa kweli hangoji mtu amalize kusema. Ni kweli, lakini hoja hiyo ikikubaliwa itaangusha mengi. Nani huuliza kwa nini mashujaa wa tenzi husemezana kwa vina na mizani ilhali panga zi mikononi? Nani hushangaa uzungumzi nafsia wa jukwaani usiposikiwa na mhusika aliye hatua mbili kando? Hayo ni makubaliano baina ya msanii na hadhira. Saa ya vita husimamishwa ili hadhira ijue kinachopiganiwa. Ngumi huamua nani ana nguvu. Haiwezi kuamua nani ana haki.

Mfano mwafaka umo katika Naruto, mfululizo ulioanza kuonyeshwa mwaka 2002 kutokana na hadithi ya Masashi Kishimoto. Kijana Neji anampiga Naruto huku akimhubiria kwamba majaaliwa hayabadiliki. Ana sababu zake: paji lake limetiwa alama ya tawi dogo la ukoo, tawi lililozaliwa kulitumikia tawi kuu, na babake alikufa kwa niaba ya pacha wake wa tawi hilo kuu. Naruto anapomwangusha, anamkumbusha kwamba yeye alianguka mtihani mara tatu kwa kushindwa na mbinu ya kujizidisha. Naye amepata ushindi huo kwa kujizidisha. Yaondolewe maneno hayo na kitakachobaki ni watoto wawili wanaopigana. Neji hangebadilika, wala mtazamaji hangejua kilichoshindwa siku ile.

Basi kipimo ni kimoja: je, baada ya hotuba, kuna aliyebadilika? Kama yupo, hotuba hiyo ni pigo miongoni mwa mapigo. Kama hayupo, ni maji kwenye uji, na mzazi ana haki ya kucheka.

Suala hili si la watoto pekee. Watoto wengi wa Kenya huwasikia mashujaa hawa kwa lugha za kigeni. Siku mfasiri wa Kiswahili atakapokabidhiwa hotuba hizo, akiziona kuwa porojo atazifupisha au atazitafsiri zikiwa zimekauka. Mfasiri aliyeyajua majigambo kama sanaa hai atazipa takriri, nasaba na sitiari zinazostahili kinywa cha shujaa. Kazi hiyo ianzie katika madarasa ya Kiswahili, kwa kuufunza utanzu huu kwa mifano ambayo wanafunzi tayari wanaipenda. Lugha isiyompa mtoto maneno ya kujigamba kwayo, itabaki kumsikiliza akijigamba kwa lugha ya wengine.