Bahasha Isiyo na Barua

Kukusanya stempu ni shughuli yenye umri unaokaribia ule wa stempu zenyewe. Tangu Uingereza ilipotoa stempu ya kwanza ya kubandika, mwaka 1840, hawakukosekana watu wa kuzitunza na kuzipanga kitabuni. Sikusudii kuwalaumu watu hao. Mwalimu aliyepata kufungua kitabu cha stempu mbele ya darasa anajua kwamba humo mna jiografia, mna historia, na mna siasa pia. Ninalolipinga ni jambo lililozuka ndani ya shughuli hii njema, nalo ni desturi ya kununua kwa bei kubwa bahasha za kumbukumbu za bendi mashuhuri, kisha mnunuzi akajidhania kuwa amehifadhi historia.

Nitachukua mfano wa bendi ya Queen ya Uingereza, kwa sababu mfano huo unatugusa. Mwimbaji wake, Freddie Mercury, alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, akapewa jina la Farrokh Bulsara. Wazazi wake walikuwa Waparsi waliotoka India, na baba yake alikuwa mtunza fedha katika serikali ya kikoloni. Utotoni alipelekwa kusoma katika shule ya bweni huko Panchgani, India. Mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, familia yake ilihamia Uingereza, na mwaka 1970 bendi ya Queen ikaanzishwa London. Alifariki tarehe 24 Novemba 1991.

Posta ya Uingereza imemtukuza mwimbaji huyu zaidi ya mara moja. Mwaka 1999 ilitoa stempu ya peni 19 yenye picha yake jukwaani. Zikazuka kelele, kwani nyuma yake alionekana mpiga ngoma Roger Taylor, ilhali desturi ya nchi ile ilikuwa kwamba mtu aliye hai asitiwe katika stempu isipokuwa awe wa ukoo wa kifalme. Mwaka 2020 zikatolewa stempu 13 kwa heshima ya bendi nzima, nane kati yake zikiwa na picha za majalada ya santuri zao. Kabla ya hapo ni makundi mawili tu yaliyopewa heshima ya namna hiyo: Beatles mwaka 2007 na Pink Floyd mwaka 2016.

Sasa, bahasha ya kumbukumbu ni kitu gani? Ni bahasha iliyopambwa kwa picha, ikabandikwa stempu mpya, na kugongwa muhuri maalumu wa siku ambayo stempu hizo zilitoka. Ndani yake aghalabu mna kadi ya maelezo iliyochapwa kiwandani. Haina barua. Mara nyingi humfikia mnunuzi ikiwa imetiwa ndani ya bahasha nyingine ya kawaida, isije ikachafuka njiani. Tafakari jambo hilo, ndugu msomaji. Bahasha iliyofanya kazi, iliyopita mikononi mwa makarani na kubebwa na tarishi, ndiyo inayochanwa na kutupwa. Na ile isiyofanya kazi yo yote ndiyo inayowekwa kabatini!

Najua nitakavyojibiwa. Wako watakaosema, "Huyu ni mtoto wa Unguja aliyeitikisa dunia. Kuna kosa gani kijana wetu akimwonea fahari?" Hakuna kosa. Lakini fahari hiyo inasimama juu ya nini? Katika stempu zile 13 za mwaka 2020 hamna hata moja inayoonyesha Unguja. Mna majalada ya santuri, mna majukwaa ya Ulaya, mna vijana wanne waliopigwa picha London. Waingereza walijikumbuka wenyewe, na hiyo ni haki yao. Posta yao haina wajibu wa kutuandikia habari zetu. Kijana anayenunua bahasha ile ili aone asili ya mwimbaji huyu amenunua kumbukumbu ya watu wengine.

Kama anataka kuujua ulimwengu alikotoka Farrokh Bulsara, na atafute bahasha nyingine. Mapinduzi ya Januari 1964 yalizikuta posta za Zanzibar zikiwa na stempu za Sultani. Stempu hizo hazikutupwa. Zilipigwa chapa juu yake: JAMHURI 1964. Za awali zilipigwa kwa mkono, kisha nyingine zikapigwa kwa mtambo. Bahasha iliyotumwa mwaka ule ikiwa na stempu ya namna hiyo inaonyesha dola moja imekaa juu ya dola nyingine katika karatasi ndogo kuliko kidole gumba. Mkononi mwa mwanafunzi, inaonyesha pia kwamba siku zile za msukosuko bado watu waliandikiana: mama akamwuliza mwanawe hali, mfanyabiashara akadai fedha zake, na aliyeondoka akaarifu kuwa amefika salama.

Bahasha kama hizo ziko wapi leo? Nyingi zilikuwa katika masanduku ya wazee wetu. Mzee anapofariki, warithi hugawana kitanda, saa na shamba. Makaratasi huwashiwa moto. Papo hapo mjukuu wake anaweza kuagiza kutoka London bahasha tupu yenye jina la mwimbaji aliyezaliwa mtaa wa pili. Mwacha mila ni mtumwa, walinena wahenga. Nami naongeza kwamba utumwa huu una ubaya wa peke yake, kwa kuwa mtumwa mwenyewe ndiye anayetoa fedha.

Wala tusiwalaumu vijana peke yao. Katika miaka ya 1990 zilitolewa kwa jina la Tanzania stempu zenye sura za waimbaji na waigizaji wa Marekani, na soko lake lilikuwa wakusanyaji wa nchi za nje. Ikiwa taifa lenyewe liliuza jina lake kwa namna hiyo, kijana angejifunza wapi kuwa stempu ni kauli ya nchi na si kibandiko cha biashara?

Nisieleweke vibaya. Sisemi tuzibe masikio tusisikie muziki wa kigeni. Mwalimu Nyerere, katika hotuba yake ya mwaka 1962 alipounda Wizara ya Utamaduni, alisikitika kwamba wengi wetu tulijua kucheza chachacha na twisti, lakini gombe sugu na lelemama hatukuzijua. Hata hivyo, katika hotuba iyo hiyo alikataa wazo la kwamba taifa lisijifunze kitu kwa mataifa mengine. Msikilizeni Mercury, basi. Sauti yake yastahili kusikilizwa. Lakini kumpenda mwimbaji ni jambo moja, na kununua karatasi iliyotengenezwa ili ionekane ya kale ni jambo jingine.

Nawaomba walimu wafanye jambo moja, nalo halina gharama. Kila mwanafunzi na atafute nyumbani kwao, kwa idhini ya wazee wake, bahasha moja iliyosafiri. Asiikate stempu, kwa maana akiikata ataharibu muhuri, na muhuri ndio unaotaja mji na tarehe. Auandike mji huo, tarehe hiyo, na jina la nchi iliyo katika stempu. Atashangaa akikuta stempu moja yenye majina ya Kenya, Uganda na Tanzania pamoja, nchi tatu zilizotumia posta moja hadi Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977. Kisha aulize nani aliandika, kwa nani, na kwa sababu gani. Aulize mapema, kwa kuwa wanaoweza kumjibu ni wazee, nao hawatakuwapo siku zote.

Shule ikikusanya bahasha 40 za namna hiyo, itakuwa na hazina ambayo hakuna duka la London linaloweza kuiuza.