Rangi Nyingi, Mashini Kuchoka



Juma lililopita mmoja wetu wa mwaka wa sita aliingia katika chumba cha ordinatere, akageuza rangi za mashini moja yenye Linux. Aliandika vibaya, kioo kikabaki cheusi. Wadogo wetu wa mwaka wa kwanza wakakosa somo. Ile mambo hatukuipenda, na kosa ni letu sisi wakubwa.

Wengi wanasema: "Tutie biti 24, tupate rangi 16.777.216!" Ni nzuri, kweli. Lakini biti 16 zinatoa rangi 65.536. Kwa kuandika kazi ya shule, nani atahesabu zile zingine? Kwenye kioo cha vidoti 1024 kwa 768, biti 16 zinakula megabaiti 1 na nusu. Kwa 24 zinakwenda 3, kwa sababu mara nyingi kila kidoti kinawekwa katika nafasi ya biti 32. Na mashini zetu ni nzee.

Picha za biolojia ni maneno mengine: kwa biti 16, pale rangi inapogeuka polepole, tunaona mistari-mistari. Basi mashini moja ibaki na 24, zingine zote 16.

Anayetaka kugusa faili xorg.conf afanye kopi kwanza, kisha aandike DefaultDepth 16 katika sehemu ya Screen, mwalimu akiwako. Kioo kikiwa cheusi, tunarudisha ile kopi tu.

Mkubwa hapana kumwagia wadogo chakula chao.